Pantoni mbili kwenye karatasi ya fundi: mnauziwa nini hasa?

Swali: *Shikamoo. Naandika kutoka Kitunda, ng'ambo ya Lindi mjini. Kikundi chetu cha wakulima wa mwani kinataka kutengenezewa jukwaa la kuelea la kuteremshia na kupimia mzigo. Fundi ametuletea makadirio: "pantoni 2, jukwaa 1, nanga 4". Wajumbe wamegawanyika. Kwetu pantoni ni lile linalotuvusha kwenda mjini, sasa mbili za nini? Kijana mmoja kasoma mtandaoni kwamba ni gati la kuelea, mwingine anasema ni mchezo wa karata, na babu mmoja anashikilia kuwa neno ni letu, limetokana na "panda tani". Ni neno la nani, lina maana gani, na tukisaini tunanunua nini? La mwisho: pantoni limefika au imefika?*

Marahaba. Nianze na lenye fedha ndani yake. Kwenye karatasi hiyo, pantoni ni matangi matupu yaliyozibwa pande zote, yanayokaa chini ya jukwaa na kulibeba. Mnauziwa matangi mawili. Fundi hajawadanganya, ila hajawaambia ukubwa wa tangi, unene wa chuma wala vyumba vya ndani, na bila hayo matatu bei aliyoandika haina cha kupimwa nacho. Msisaini bado. Hesabu ipo chini, lakini tumalize kwanza ubishi wa wajumbe, kwa sababu wote wameshika kipande cha kweli isipokuwa babu.

Neno limeanzia kwenye *ponton* la Kifaransa, nalo Wafaransa wamelirithi kutoka Kilatini: *ponto*, chombo cha majini chenye tako bapa, jamaa wa *pons*, yaani daraja. Julius Caesar, akisimulia vita vya mwaka 48 KK, anazitaja *pontones* kisha anawaeleza wasomaji wake wa Roma kwamba ni aina ya vyombo vya Wagallia, watu wa nchi ambayo leo ndiyo Ufaransa. Mtu hafafanui neno ambalo wasomaji wake wanalo midomoni kila siku. Kwa hiyo tangu hapo chombo hiki kilikuwa kinahesabiwa kuwa cha huko.

Kilatini hichohicho kiliwapa Waholanzi *pont*, ambalo hadi leo kwao ni kivuko cha mtoni, na Waafrikana wa Afrika Kusini wakalichukua vivyo hivyo. Ndiyo kusema kuita chombo kizima kwa jina hili, kama mnavyofanya Kitunda, si kosa la watu wa pwani. Waingereza walilipata mara mbili: zamani sana likawa *punt*, mtumbwi bapa unaosukumwa kwa mti, halafu katika karne ya 17 wakalichukua upya kutoka Kifaransa likawa *pontoon*. (Kabla hajatokea mtu wa kuunganisha na upondo wetu, mti wa kusukumia mtumbwi: kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi. "Panda tani" ya babu imezaliwa kwa namna hiyohiyo, sikio likitafuta maneno linayoyajua ndani ya neno lisilolijua.)

Sasa, lilifikaje kwetu? Wengi hujibu haraka kwamba kupitia Kiingereza. Sauti zinakataa kidogo. Waingereza walikuwa na mazoea, walipochukua neno la Kifaransa linaloishia *-on* na kulitia mkazo mwishoni, kuliandika *-oon* na kulitamka "uun": *salon* ikawa *saloon*, *peloton* ikawa *platoon*, *ballon* ikawa *balloon*. Sisi tulipoyapokea kutoka kwao tulipata *-uni*: saluni, platuni, katuni. Angalieni katuni na katoni. Asili ni moja, karatasi nene ya Kiitalia, *cartone*, na Kifaransa *carton*. Iliyochukuliwa zamani ikaingia kwetu na *u*, na iliyoingia Kiingereza baadaye bila ule mkazo wa mwisho ikatupa katoni ya maji. Kwa kanuni hiyo *pontoon* ilipaswa kutupa "pontuni". Tunasema pantoni. Ile *o* ya mwisho inaelekea zaidi kwenye *Ponton* ya Wajerumani, ambao nao waliichukua kwa Wafaransa bila kuigeuza, na ambao walitawala pwani hii kabla ya Waingereza na kutuachia shule na hela. Uamuzi wangu ni kwamba neno limepita midomo zaidi ya mmoja, na Kiingereza peke yake hakitoshi kulieleza.

Sauti ni shahidi mzuri katika mambo haya. Tazameni kinywaji kimoja chenye majina matatu kwa Kiswahili: mvinyo kutoka *vinho* ya Wareno, divai kutoka *du vin* ya Wafaransa, waini kutoka kwa Waingereza. Hata asiyeijua historia anaweza kusikia nani alimuuzia nani.

Maana nazo ni nyingi kweli, lakini karibu zote zinazunguka jambo moja: kitu chenye uwazi ndani, kilichozibwa au chenye kuta ndefu, kinachobeba kingine juu ya maji. Tofauti inakuja pale unapouliza kinabeba nini.

Kikibeba watu na magari na kwenda ng'ambo, ndiyo pantoni yenu: MV Kitunda hapo Lindi, MV Mafanikio ya Msemo na Msangamkuu kule Mtwara. Wasafiri wa kusini wa umri fulani hawajaisahau ya Ndundu, ambako basi la Dar es Salaam lilivuka Rufiji kwa pantoni hadi daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Serikali huandika kivuko, neno zuri la Kiswahili, ila nalo lina uzito wake: kivuko ni chombo na ni mahali pia. "Tukutane kivukoni" haimaanishi ndani ya chombo. Pantoni haina utata huo, na nadhani ndiyo sababu wananchi hawaliachi hata bango likisema vingine.

Kikibeba barabara, ni daraja la kuelea: vyombo bapa vinapangwa ubavu kwa ubavu kuvuka mto, mbao zinatandikwa juu, jeshi linapita. Hapo ndipo Wafaransa walipolitia neno umaarufu. Jeshi lao lilikuwa na kikosi maalumu, *pontonniers*, wajenzi wa madaraja haya. Kisa chao kinachojulikana kuliko vyote kina kejeli ndani yake. Novemba 1812, Napoleon akirudi nyuma kutoka Moscow, aliamuru ponton zake zichomwe pale Orsha ili farasi wapatikane kwa kazi nyingine. Siku chache baadaye jeshi likakwama mbele ya mto Berezina. Jenerali Éblé alikuwa amehifadhi zana, viriba vya uhunzi na makaa, akawaingiza watu wake kama 400 kwenye maji ya barafu, wakajenga madaraja mawili juu ya miguu ya mbao zilizobomolewa kwenye nyumba za kijiji cha jirani. Wajenzi wa ponton walioliokoa jeshi bila ponton hata moja. Miaka mingi baadaye, Oktoba 1973, jeshi la Misri lilivuka mfereji wa Suez kwa madaraja ya kuelea, safari hii pantoni zikiwa za chuma na za kukunjuliwa.

Kuna maana chungu pia. Kwa Wafaransa, *les pontons* yalikuwa magofu ya meli zilizong'olewa milingoti na kugeuzwa magereza. Wanajeshi wao waliotekwa Bailén, Hispania, mwaka 1808 walirundikwa kwenye meli za namna hiyo bandarini Cádiz, na wengine wakafungwa katika bandari za Uingereza. Maana hii haikufika kwetu.

Kijana aliyesoma "gati la kuelea" kasoma sawa: ndiyo maana ya kawaida ya *ponton* Ufaransa leo, jukwaa la kufungia boti linalopanda na kushuka na maji. Mafundi wa ndege za kutua majini huita hivyo yale maguu mawili yanayoelea, na mitambo mingine ya kuchimba mafuta na gesi baharini hukaa juu ya pantoni kubwa zilizozamishwa chini ya mawimbi. Mchezo wa karata upo kweli, wa kutafuta 21, lakini hauna undugu na maji: ni *vingt-et-un* ya Kifaransa, yaani ishirini na moja, iliyoharibiwa na midomo ya Waingereza ikaangukia kwenye sauti ya *pontoon*. Mjumbe wenu kaokota pacha wa bandia.

Turudi kwenye karatasi ya fundi.

Kitu kinachoelea kinabeba uzito sawa na maji kinayoyasukuma pembeni. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi, ya mto kilo 1,000. Kwa hiyo ujazo wa tangi ndiyo nguvu yake, mkipunguza uzito wa tangi lenyewe. Tuseme fundi anakusudia matangi ya mita 6 kwa mita 1.2 kwa mita 0.8. Kila moja lina ujazo wa mita 5.76, likizama lote linasukuma tani 5.9. Pleti ya chuma ya milimita 4 ina uzito wa kilo 31 na ushee kwa mita ya mraba, na tangi hili lina karibu mita 26 za mraba. Hiyo ni kilo 814. Wekeni na kuta za ndani na vyuma vya kona, mfikie tani moja kwa kila tangi.

Msilipigie hesabu la kuzama lote. Jukwaa zuri linaelea nusu ya kimo chake likiwa na mzigo kamili, nusu ya juu ni akiba ya mawimbi, maji ya mvua, na siku ambayo watu wote watakimbilia upande mmoja. Matangi mawili yakizama nusu yanasukuma tani 5.9, toeni tani 2 za chuma, zinabaki tani 3.9 kwa ajili ya mbao, watu, mizani na mwani. Kwa kikundi cha mwani hiyo ni nyingi. Huenda mnauziwa jukwaa la kubebea gari.

Fanyeni hesabu yenu wenyewe kwanza. Watu 10 kwa kilo 75 ni 750. Mbao na fremu, tuseme 400. Mwani mbichi unaosubiri mizani, 500. Jumla kilo 1,650. Kwa mzigo huo mapipa ya plastiki ya lita 200 yanatosha: pipa lililozama nusu linasukuma kilo 102 za maji ya bahari, toa kilo 10 za pipa lenyewe, linabaki kilo 92. Gawanyeni, mtapata mapipa 18. Chukueni 20, safu mbili za 10.

Safu zikae kingoni kabisa, kulia na kushoto, katikati pawe wazi. Mapipa yaliyorundikwa katikati yanabeba uzito uleule lakini jukwaa linapinduka mtu mnene akikanyaga pembe. Jaribuni kwa hesabu: watu wote 10 wakisimama juu ya safu moja, safu hiyo inabeba kilo 450 za nusu ya mzigo na 750 za watu, jumla 1,200, sawa na 120 kwa pipa. Ukijumlisha pipa lenyewe linazama lita 127 kati ya 200. Upande wa pili pipa linazama lita 54 tu. Jukwaa litalala, mwani utateleza, lakini halitapinduka. Jukwaa lisilofaulu jaribio hili kwenye karatasi msilijenge.

Hii si hofu ya bure. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, na waliokufa walipita 200. Uwezo wa chombo hupimwa kwa watu na mizigo pamoja, na huhesabu kwamba wamekaa walipopaswa kukaa.

Kama mtaamua matangi ya chuma, mwambieni fundi aandike mambo haya kwenye makadirio badala ya "pantoni 2". Vipimo vya kila tangi. Unene wa pleti, na msikubali chini ya milimita 4 kwa maji ya chumvi. Kuta mbili ndani ya kila tangi zinazogawa vyumba vitatu visivyopitishiana maji. Chumba kimoja kikitoboka kinaingiza tani 2 hivi, tangi likiwa halina kuta linaingiza tani zote 5.9. Na maji yaliyo ndani ya tangi lisilogawanywa ni mabaya kuliko uzito wake, kwa sababu hukimbilia upande uliolala na kuulaza zaidi. Kila chumba kiwe na tundu la juu lenye kifuniko cha boliti na mpira, ili mfungue na kupima kama kuna maji. Fimbo kavu na chaki vinatosha: paka chaki, ingiza, soma ilipolowa. Fanyeni hivyo kila mwezi, na kila baada ya upepo mkali wa kusi.

Kutu ndiyo itakayowamaliza. Inashambulia zaidi kwenye mstari wa maji, pale chuma kinapolowa na kukauka, na kwenye maungio ya kuchomea. Chuma kisafishwe mpaka king'ae kabla ya rangi ya kuzuia kutu. Rangi juu ya kutu inabanduka na kutu yake. Vipande vya zinki vifungwe chini ya maji vikigusana na chuma kitupu, ili bahari ianze kula zinki kabla ya chuma. Vikishapungua nusu, badilisheni. Deheni ya mafundi wa majahazi ni ya mbao, hapa haisaidii kitu.

Jambo moja linaloua mafundi: msimwache mtu aingie ndani ya tangi la chuma lililokaa limezibwa. Kutu hula hewa safi ya mle ndani, na anayeingia anaanguka bila kusikia harufu wala kubanwa pumzi, kisha anayemfuata kumtoa anaanguka juu yake. Fungueni vifuniko vyote, pulizeni hewa kwa muda mrefu, na kazi ya ukarabati ifanyiwe nje kila inapowezekana. Msichomee pia tangi au pipa lililowahi kuwa na mafuta bila kuliosha kabisa. Mvuke uliobaki unalipuka.

Mapipa ya plastiki hayana kutu, lakini yana hila zake. Vifuniko hulegea kwa joto la mchana na baridi ya usiku, kwa hiyo vifungwe kwa tepu ya uzi, ile ya mafundi bomba, na vielekee upande ambao mkono unafika. Yafungwe kwa mikanda mipana, msitoboe pipa kupitisha boliti. Pipa linasukuma juu muda wote, hivyo kazi ya mkanda ni kulizuia lisichomoke kando wimbi linapoinua jukwaa. Na ulizeni lilibeba dawa gani kabla ya kulinunua.

Nanga nne ni sawa. Swali ni kamba. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu ya kusini hupita mita 3. Kamba ya urefu unaotosha maji yakijaa italegea mno yakipwa, na jukwaa litatangatanga hadi kwenye mistari ya mwani ya jirani. Wekeni kamba isiyopungua mara tatu ya kina cha maji yaliyojaa, mita chache za mnyororo upande wa nanga, na katikati ya kila kamba tundikeni jiwe au zege la kilo 10 hadi 15: maji yakipwa jiwe linavuta kamba chini, inabaki imenyooka. Chagueni mahali penye mchanga kama jukwaa litakaa chini maji yakipwa, kwani mwamba mmoja unatosha kutoboa tangi.

Mkitaka daraja dogo la kutembelea kutoka nchi kavu, urefu wa mita 12 na mteremko wa mita 3.5 wakati wa kupwa utawapa mlima wa nyuzi 17, mtu na gunia bichi hapandi salama. Ama lirefushwe, ama kazi ya mzigo ipangwe saa za maji kujaa. La pili ni la bei rahisi.

Kuhusu ngeli: sanifu ni *pantoni imefika, pantoni zimefika*. "Limefika" na "mapantoni" mtasikia kila siku, hasa mtu akisifia ukubwa wa chombo, na Kiswahili kinaruhusu ukubwa kuonyeshwa hivyo. Kwenye mkataba wenu andikeni "pantoni mbili, yaani matangi mawili ya kuelea", kisha vipimo vifuate kwenye mstari huohuo.